ASIYEKUJUA HAKUTHAMINI: UFUNDI NA KUJUANA KATIKA KUTAFUTA KAZI

Asubuhi na mapema, kabla umande haujakauka juu ya majani ya chai, mtu apitaye katika barabara za Bomet na Kericho aweza kuwaona vijana wamesimama langoni pa kiwanda au mbele ya ofisi, kila mmoja na bahasha yake mkononi. Ndani ya bahasha mna cheti cha shule, nakala ya kitambulisho, na barua ya maombi iliyoandikwa kwa uangalifu. Wengi wao walifika hapo jana na juzi, na kesho watafika tena. Jibu ni lile lile: "Hapana nafasi. Andika namba yako ya simu, tutakuita." Na simu hailii.

Vijana hawa si wavivu, wala makala haya hayakuandikwa ili kuwalaumu. Yameandikwa kueleza jambo moja ambalo halifundishwi sana shuleni, yaani kwamba kazi hupatikana kwa mambo mawili yaendayo pamoja kama ng'ombe wawili wa plau. La kwanza ni ujuzi wa kufanya jambo ambalo watu wana haja nalo. La pili ni watu kujua kwamba unao ujuzi huo. Ng'ombe mmoja akikosekana, plau haiendi. Mwenye ujuzi asiyejulikana hukaa nyumbani na ujuzi wake, na mwenye kujulikana asiye na ujuzi huitwa mara moja tu, haitwi tena.

KWA NINI BAHASHA HAITOSHI

Makampuni makubwa yalianza kupanda chai katika Kericho katika miaka ya 1920. Siku hizo kazi ya kuchuma haikutaka cheti. Mtu alipewa kikapu, akaonyeshwa namna ya kuchuma majani mawili na chipukizi lake, na jioni mzigo wake ukapimwa. Wakipsigis wengi wa wakati ule hawakupenda kazi hiyo, wakachagua mifugo yao na mahindi yao. Kwa hiyo wachumaji wengi walitoka katika nchi za Waluo, Wagusii na Waluhya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kiafrika wa sehemu hizi nao walianza kupanda chai katika mashamba yao madogo, na mwaka 1964 ikaundwa KTDA ili kuwahudumia. Tangu hapo chai imesomesha watoto wengi sana, na viwanda kama Kapkoros na Mogogosiek vimekuwa majina yajulikanayo katika kila nyumba ya Bomet.

Lakini mambo matatu yamebadilika. Kwanza, ardhi haikuongezeka, lakini watu wameongezeka. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kaunti ya Bomet ilikuwa na watu 875,689. Shamba ambalo babu alilitembea akachoka, leo limegawanywa vipande kwa wajukuu, na kipande kimoja hakiwezi kumlisha kijana na mkewe na watoto.

Pili, vyeti vimekuwa vingi. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2003, na ada ya masomo katika shule za sekondari za kutwa ikapunguzwa mno mwaka 2008. Hilo ni jambo jema kabisa, wala hapana mtu mwenye akili atakayetaka turudi nyuma. Walakini lina matokeo yake. Cheti ambacho zamani kilimtenga mtu mmoja na wenzake mia, leo wanacho wale mia wote. Mwajiri aliyewekewa mezani bahasha mia mbili zilizofanana hawezi kujua kwa kuzitazama ni nani aamkaye mapema, na ni nani asiyeweza kuachiwa ufunguo.

Tatu, mashine zimeingia. Mashine za kuchuma chai zilianza kutumiwa katika mashamba makubwa ya Kericho katika miaka ya 2000. Nyingine hushikwa na watu wawili, nyingine ni kubwa zaidi, na zote huchuma kwa muda mfupi kazi iliyokuwa ya vikapu vingi. Vyama vya wafanyakazi vilizipinga kwa migomo na mahakamani kwa miaka mingi. Mwezi wa Mei 2023 hasira iliwaka, na mashine kadhaa zikachomwa moto huko Kericho. Mtu wa mbali aweza kushangaa kuona hasira kubwa hivyo kwa ajili ya chombo cha chuma. Lakini mfanyakazi wa shamba kubwa aghalabu hukaa katika nyumba ya kampuni, na watoto wake husoma katika shule iliyo karibu na nyumba hiyo. Siku kazi inapokwisha, na nyumba imekwisha. Kilicho hatarini ni kitanda cha watoto.

Shauri la mashine na haki za wafanyakazi ni la vyama, mahakama na serikali, na yafaa liendelee kuzungumzwa kwa uwazi. Lakini kijana aliyemaliza shule mwaka huu hawezi kungoja mpaka shauri hilo limalizike. Yeye hana budi kuuliza: kazi iliyobaki iko wapi, nami nitaifikiaje?

KAZI NYINGI HAZITANGAZWI

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Ulimwenguni lilituma wataalamu kuichunguza Kenya. Wataalamu hao waliona jambo ambalo wakubwa wa maofisini hawakulitilia maanani: kwamba mafundi wa kando ya njia, ambao wengine waliwahesabu kuwa si kitu, au hata kuwafukuza, walikuwa wakifanya kazi ya maana na yenye faida. Hao ndio watu wa jua kali. Leo, ukiacha mashamba madogo ya wakulima, zaidi ya watu 8 katika kila 10 wenye kazi katika Kenya wamo katika jua kali.

Sasa fikiri. Ni fundi gani wa jua kali atangazaye nafasi ya kazi gazetini? Mwashi wa Silibwet akipata nyumba ya kujenga naye anahitaji vijana wawili, haandiki tangazo. Humwuliza mwenzake, "Je, unamjua kijana anayeweza kuchanganya saruji bila kusimamiwa?" Jina linatajwa, simu inapigwa, na jioni kazi imekwisha kupata mtu. Wewe uliyekaa nyumbani na cheti chako hukujua hata kwamba ilikuwako.

Wala hili si la Bomet peke yake. Katika Marekani, mtaalamu Mark Granovetter aliwauliza wanaume wa mji wa Newton, karibu na Boston, jinsi walivyopata kazi zao. Watu hao walikuwa wasomi na wasimamizi, ambao tungedhani walipata kazi kwa vyeti na matangazo. Alikuta kwamba zaidi ya nusu walipata kazi kwa njia ya mtu waliyejuana naye. Tena aliona jambo la ajabu, ambalo alilieleza mwaka 1973. Katika hao waliosaidiwa na mtu, chini ya mmoja katika watano walikuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara. Wengi walisaidiwa na watu waliowaona mara moja moja tu.

Sababu yake yaeleweka kwa urahisi. Ndugu yako na rafiki yako wa kila siku wakupenda sana, lakini habari wanazozijua ni zile uzijuazo wewe, maana mnakaa pamoja, mnakwenda soko moja na kusali mahali pamoja. Mtu wa mbali kidogo, mathalani mwalimu wako wa zamani, dereva wa gari la maziwa, au mtu mliyejenga naye mara moja huko Longisa, yeye anatoka mahali ambapo hufiki, na huleta habari ambazo nyumbani kwenu hazipo.

HILI WAZEE WALILIJUA

Wakipsigis walikuwa na desturi iitwayo kimanagan. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma lake. Aliwagawa, huyu kwa rafiki aliye upande wa Sotik, yule kwa rafiki aliye upande wa Chepalungu. Mtunzaji alikunywa maziwa, na ng'ombe na ndama wake wakabaki kuwa mali ya mwenyewe. Maradhi yalipoingia katika boma moja, au ukame ulipoipiga sehemu moja ya nchi, mtu huyo hakufilisika kwa siku moja. Zaidi ya hayo, kila ng'ombe aliyekaa ugenini alifanya urafiki: kulikuwa na nyumba ambayo mwenye ng'ombe alipofika alikaribishwa, akapewa habari za upande ule.

Kijana wa leo huenda hana ng'ombe hata mmoja wa kugawa. Lakini ana mikono, ana ahadi, na ana jina. Kila kazi ndogo anayomfanyia mtu vizuri ni kama ng'ombe aliyemweka katika boma la mtu huyo. Atakaa huko, atazaa, na siku moja habari itarudi. Na kama vile hapana aliyeweza kugawa ng'ombe asiokuwa nao, ndivyo asivyoweza mtu kujulikana kwa ufundi asiokuwa nao. Kwa hiyo na tuanze na ufundi.

JINSI YA KUCHAGUA UFUNDI

Vijana wengi huchagua ufundi kwa kumfuata mwenzao. Mmoja akiwa kinyozi, kumi wanakuwa vinyozi, na vichwa vya kijiji havitoshi. Njia iliyo bora ni kutembea siku tatu katika sehemu yenu ukitazama mambo mawili: ni kitu gani huharibika mara kwa mara, na watu huenda mbali kutafuta nini.

Katika sehemu za juu, kama Konoin, kuna chai na ng'ombe wa maziwa. Mashine ya kukata majani ya ng'ombe huharibika. Paa la zizi huvuja. Katika kiwanda cha chai majani hunyaushwa, hukatwa, huachwa yabadilike rangi, hukaushwa na kuchambuliwa. Na kila hatua ina mitambo ihitajiyo fundi wa vyuma, fundi wa umeme, na mtu ajuaye tanuri la mvuke. Katika sehemu za chini, kama Chepalungu, ambako mvua ni kidogo, watu huhitaji matangi, mabomba na pampu za maji. Na kila mahali kuna pikipiki.

Hata mashine ya kuchuma chai, ile iliyochukiwa, yafaa itazamwe kwa macho ya fundi. Ile ndogo ina injini ya petroli, ndugu ya injini ya msumeno wa mashine ukatao mikaratusi. Ina plagi, ina kabureta, ina visu vinavyopoteza makali. Mtu aliyejifunza injini ndogo kwa sababu ya chombo kimoja atakuwa amejifunza nusu ya kingine. Hatusemi kwamba mafundi wachache watajaza nafasi za wachumaji wote, kwa maana hilo si kweli. Twasema tu kwamba mahali penye mashine pana kazi ya mashine, na ataipata aliyejitayarisha.

Tena jifunze majira ya fedha. Wakulima wa KTDA hupata bonasi yao karibu na mwezi wa Oktoba, na baada ya hapo watu hujenga na kutengeneza nyumba. Mwashi na seremala aliyejitayarisha mwezi wa Septemba hufanya kazi mpaka Krismasi. Januari shule hufunguliwa, na mshonaji wa sare hana nafasi ya kulala. Ajuaye majira haya hupanga mwaka wake kama mkulima apangavyo mbegu.

MAHALI PA KUJIFUNZA

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni chuo. Fikira ya vyuo vya ufundi vya vijijini ni ya zamani katika Kenya. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa taarifa iliyouliza vijana watakwenda wapi baada ya shule, na kutokana na taarifa hiyo vikaanzishwa vyuo vidogo vya kuwafundisha ufundi karibu na kwao. Siku hizi vyuo hivyo huangaliwa na serikali za kaunti. Humo hufundishwa uashi, useremala, ushonaji, umeme, mabomba na ufundi wa magari. Juu yake kuna vyuo vya ufundi vya serikali kuu, kama Konoin na Sot katika Bomet. Mwanafunzi wa vyuo hivi aweza kuomba mkopo wa HELB kama mwenzake wa chuo kikuu.

Njia ya pili ni kukaa na fundi. Njia hii hudharauliwa, lakini imewafundisha wengi kuliko zote. Tuchukue mfano. Tuseme kuna kijana wa Mogogosiek aliyemaliza kidato cha nne, akapata alama ambazo hazikumpeleka mbali. Akaenda kwa fundi wa pikipiki.

"Mzee, nimekuja kuomba kazi."

"Hapana kazi hapa, kijana. Mimi mwenyewe nangoja wateja."

Akarudi nyumbani na huzuni. Lakini siku ya soko alipita tena, akasimama mbali kidogo, akatazama. Wiki ya pili alirudi na maneno mengine.

"Mzee, leo sikuja kuomba mshahara. Nimeona siku ya soko una pikipiki nyingi kuliko mikono. Niruhusu nizioshe na kufungua magurudumu, nami nijifunze."

"Na utakula nini?"

"Jioni namkamulia jirani ng'ombe wake."

Fundi akamtazama kwa muda. "Njoo kesho saa moja. Ukichelewa, usije."

Tofauti ya safari hizi mbili ni nini? Mara ya kwanza kijana alileta haja yake. Mara ya pili alileta macho yake: alikuwa amekwisha kuiona shida ya fundi. Mkono mtupu haulambwi. Lakini kuna wakati jambo la kuleta mkononi si fedha, ni msaada unaofaa.

Hata hivyo, kijana asiache kujilinda. Kabla ya kuanza, yafaa mapatano yaandikwe katika karatasi mbili, mbele ya mzazi na mzee mmoja wa kokwet. Waandike atajifunza kwa muda gani, saa za kazi, nani ataleta vyombo, akivunja kitu itakuwaje, na ataanza kupewa kitu tangu mwezi wa ngapi. Fundi mwema hatakataa. Akikataa kabisa, hiyo pia ni habari.

CHETI CHA MKONO

Wako wengi waliojifunza kwa njia hii ambao hufikiri kwamba hawatapata cheti kamwe. Sivyo. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, iitwayo NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya madaraja matatu. La tatu ndilo la kuanzia, na la kwanza ndilo la juu. Aliyejifunza chini ya mti aweza kuufanya mtihani huo kama yule aliyejifunza chuoni, na mtihani hutazama mkono pamoja na maneno. Chuo cha ufundi kilicho karibu chaweza kumweleza namna ya kujiandikisha.

Cheti hiki kina faida kubwa kwa mtu wa mbali asiyekujua. Jirani yako hahitaji karatasi, kwa kuwa alikuona ukitengeneza pikipiki yake. Lakini kiwanda, shule au hospitali haikukuona, nayo hutaka ushahidi.

JINSI YA KUJULIKANA

Turudi kwa kijana wetu. Miezi minane imepita. Ana daftari ambalo kila jioni huandika kazi ya siku: pikipiki ya namna gani, ugonjwa wake, aliyoutengeneza jinsi gani. Siku moja mwalimu alileta pikipiki iliyokataa kuwaka, akaambiwa ingekuwa tayari saa tisa. Saa tisa ilikuwa tayari, imeoshwa, na kijana akamwonyesha kifaa kilichoharibika ili ajue hakudanganywa. Mwalimu akalipa akaenda. Mwezi wa pili shemeji yake wa Sotik, mwenye misumeno ya mashine, alilalamika kwamba hana mtu wa injini. Mwalimu akasema, "Yuko kijana Mogogosiek." Mwalimu na kijana walikuwa wameonana mara moja tu.

Hakuna ajuaye habari itapita kwa mwalimu gani. Ndiyo maana kila kazi yafaa ifanywe kana kwamba mwenye kazi ana shemeji Sotik. Mambo yafuatayo yamewasaidia wengi:

Kwanza, timiza saa uliyosema. Ahadi ni deni, na mafundi wengi hupoteza wateja kwa ajili ya "njoo kesho," wala si kwa ajili ya ufundi mbaya. Ukiona hutaweza kumaliza, piga simu kabla mwenye kitu hajafunga safari.

Pili, sema wazi ujualo. Ukiulizwa wafanya nini, usijibu, "Kazi yo yote." Mtu wa kazi yo yote hakumbukwi na mtu ye yote. Sema, "Natengeneza injini ndogo na pampu." Neno hilo hukaa kichwani mwa msikiaji hadi siku pampu yake itakapokufa.

Tatu, omba maarifa kabla ya kuomba kazi. Ukimwambia mkubwa wa karakana, "Nipe kazi," atasema hapana, na mazungumzo yamekwisha. Ukimwambia, "Mzee, kwako fundi mpya hushindwa na nini?" atakaa akueleze, na ukiondoka atakuwa amekujua.

Nne, ingia katika kikundi. Chama cha akiba, kikundi cha vijana, kwaya, timu ya mpira: kila kimoja kina watu wa boma jingine. Vijana walioandikisha kikundi waweza pia kuomba zabuni za serikali, kwa kuwa tangu 2013 sehemu ya 30 katika 100 ya zabuni hizo imetengewa vijana, wanawake na walemavu.

Tano, wasaidie wengine. Ukisikia kazi isiyokufaa wewe, mpelekee mwenzako habari. Mtu anayekumbukwa tu wakati wa shida zake hukimbiwa. Anayeleta habari njema hufunguliwa mlango.

KUJUANA SI KUHONGA

Hapa yafaa tuwe waangalifu, maana wako watakaosema, "Hayo ndiyo yale yale ya kuwa na mtu wako mkubwa." Si yale yale. Anayekutaja kwa sababu ameona kazi yako anamsaidia mwajiri. Anayekuingiza kwa sababu ya ukoo au fedha anamwibia mwajiri, na anamwibia kijana mwingine aliyestahili. Sheria ya hongo ya mwaka 2016 humshika mtoaji kama imshikavyo mpokeaji.

Jambo lililo zito zaidi huwapata mabinti na kina mama. Februari 2023 habari za wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho, waliotakiwa miili yao na wasimamizi ili wapate kazi, zilienea ulimwenguni kote. Na isemwe bila kificho: atakaye mwili wa mtu kwa ajili ya kazi anatenda kosa la jinai. Aibu ni yake, si ya aliyetakiwa. Mwanamke aliyepatwa na jambo hilo aende pamoja na mtu anayemwamini katika kituo cha polisi. Na baba au kaka asimwambie anyamaze ili kazi isipotee.

Kisha kuna wale wauzao kazi za ng'ambo. Mtu mwenye viatu vinavyong'aa hufika kijijini, akaonyesha picha za majengo, akataka fedha za "viza na daktari" kabla ya wiki kwisha. Ng'ombe huuzwa, chai hukodishwa, na mtu yule huzima simu. Wakala wa kweli huandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iitwayo NEA, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, hakikisha jina la wakala limo katika orodha ya mamlaka hiyo, na usome mapatano ukiwa na mtu mwenye kujua. Anayekuharakisha usisome ana sababu yake.

NENO KWA WALIO NA KAZI

Mpaka hapa tumewaambia vijana. Lakini ng'ombe wa kimanagan hakuweza kukaa ugenini bila ya mtu wa kumpokea. Wewe fundi mwenye karakana, wewe mkulima mwenye zizi, wewe mwalimu ujuaye watu: kumbuka siku uliyoshikwa mkono. Kumpa kijana nafasi ya kuonyesha kazi yake siku moja hakukuondolei kitu. Ukiridhika, taja jina lake mahali asipofika yeye. Usiporidhika, mwambie kosa lake kwa upole, maana asiyeambiwa hurudia.

Wazazi nao waache kusema, "Sikukusomesha uje uwe na mafuta mikononi." Mafuta hutoka kwa sabuni.

Waliosema "chema chajiuza" hawakukosea, lakini hata chema hupelekwa sokoni kwanza. Kijana mwenye bahasha asiitupe. Aiweke salama, kisha kesho asubuhi aende mahali palipo na kazi ya kutazamwa, hata kama hakuna aliyemwita. Akifika huko, aangalie ni mkono gani unaopungua. Asiyekujua hakuthamini, basi kazi ya kwanza ya mtafuta kazi ni kufanya jambo moja vizuri mbele ya macho ya mtu mmoja, na kesho yake jingine, mbele ya macho ya mwingine.